Saba ya Kopa

Asubuhi hiyo ukumbi wa ofisi ya vyeti vya kuzaliwa ulijaa mpaka watu wakakalia ngazi. Vichanga vilikuwa vinalia kwa kupokezana, kimoja kikinyamaza kingine kinadaka, na feni ya darini ilikuwa inazungusha joto tu, wala haipozi kitu. Juu ya madirisha ya huduma palitundikwa kioo kikubwa cha kuonyesha namba za foleni, nacho kilikuwa cheusi tii. Mfumo ulikuwa chini tangu milango ifunguliwe. Kila aliyeuliza alijibiwa kwamba fundi yuko njiani.

Fundi hakuwa njiani, alikuwa ameshafika. Aliingia kwa mlango wa mbele amekumbatia boksi la vifaa, shati lake la drafti limechomekewa mbele na kusahauliwa nyuma, akaenda moja kwa moja kwenye dirisha la pili. Dirisha la kwanza lilikuwa karibu zaidi. Lakini dirisha la pili lilikuwa na dada mwenye kilemba cha kijani kibichi na kucha nyekundu, na miguu ya mwanamume wakati mwingine haiombi ruhusa.

"Kaka, foleni inaanzia kule," yule dada alisema bila kuinua macho.

"Samahani, mimi ni..."

"Kila mtu hapa ni samahani mimi ni. Chukua namba, kaa, subiri zamu yako."

Mtu mwingine angepandisha sauti, angejitambulisha, angetaja cheo. Huyu wetu alichukua kikaratasi cha namba, akaenda kukaa kati ya mama mwenye mapacha na mzee mmoja mwenye kofia ya sufu, dereva mstaafu wa malori, aliyekuwa anafuatilia cheti cha mjukuu wake. Boksi akalipakata kama mtoto. Alikaa hapo muda mrefu, anamtazama dada wa kilemba akitukanwa na watu kwa sababu fundi amechelewa, mpaka simu yake ikaita.

"Uko wapi wewe?" Alikuwa Meneja, na sauti yake ilitoka nje ya simu. "Watu wanataka kunila mbichi huku!"

"Nipo ukumbini, mzee."

"Unafanya nini ukumbini?"

"Nina namba sitini na tatu."

Mzee wa kofia alisikia. Alicheka mpaka akashika mbavu, akamwambia mama wa mapacha, mama wa mapacha akawaambia wa nyuma, na kufumba na kufumbua ukumbi mzima ukawa unacheka. Dada wa dirisha la pili aliinua macho kwa mara ya kwanza, akaziba mdomo kwa zile kucha nyekundu.

"Mungu wangu! Kumbe wewe ndiye fundi? Mbona hukusema?"

"Uliniambia nikae."

"Na ningekuambia uondoke?"

"Ningeondoka. Ningerudi kesho mapema."

Alisema hivyo masikio yakimuwaka moto, kwa kuwa ndivyo alivyoumbwa. Ukiwa naye wawili anaongea vizuri tu, tena ana utani. Watu wakishakuwa umati, ulimi wake unaganda. Siku hiyo jambo hilo lilionekana zuri. Dada wa kilemba alicheka tena kila alipolikumbuka, na kabla ya jioni alikuwa ameshaomba namba ya fundi, eti ya dharura, mfumo ukisumbua.

Dharura zikaanza usiku uleule.

"Hujambo, Sitini na Tatu?"

"Sijambo, Dirisha la Pili. Mfumo umesumbua?"

"Hapana. Mimi ndiye nasumbua. Umekula?"

Fundi alibaki pale ofisini moja kwa moja. Nyuma ya ukumbi kulikuwa na chumba kidogo chenye baridi ambamo ilikaa seva, mashine kubwa inayolisha vioo vyote vya ofisi, kuanzia cha Meneja mpaka kile cha namba za foleni. Dada akaanza kupeleka chai humo wakati wa mapumziko, na chai za humo zilikuwa zinachukua muda kupoa. Siku moja alikuja amenuna, amevua viatu vya visigino amevishika mkononi.

"Leo nimeitwa mvivu, nimeitwa mwizi wa mshahara, nimeitwa na jina la mnyama. Na mama mmoja ameniapiza nisizae."

"Kisa?"

"Kisa mfumo uko chini. Hebu niambie, mpenzi, mfumo ukiwa chini mimi nifanye nini? Nakaa, nakunja mikono. Wakiniona nimekunja mikono ndipo wanapanda hasira. Yule wa dirisha la kwanza mjanja, anabofyabofya hata kama kioo kimezima. Hawamtukani."

"Na wewe bofya."

"Nibofye nini? Natazama picha ya mlima mchana kutwa! Niwekee kitu basi. Karata. Zile za kucheza peke yako. Nyumbani kwa mjomba zilikuwemo kwenye kompyuta, nilikuwa bingwa."

Fundi alicheka. "Hii ni seva, laazizi. Mashine za aina hii huja bila michezo. Waliozitengeneza hawakutaka mtu acheke akiwa nazo."

"Sasa we fundi wa nini?" Alivaa viatu, akamgonga begani kwa kijiko. "Fundi gani anashindwa na karata?"

Maneno hayo yalimkaa rohoni. Jumamosi, ofisi ikiwa imefungwa, Fundi alikwenda peke yake na flashi iliyobeba michezo aliyoitoa kwenye kompyuta kuukuu ya dada yake mkubwa aliyekuwa anaishi naye. Seva ikamkatalia. Mchezo ulifunguka nusu, ukadai faili lisilokuwepo. Alipolileta lile faili, ukadai jingine. Mwishowe akaelewa kwamba mashine inakosa vitu vyote vya anasa, picha, sauti, madoido, na kwamba lazima aiwashie ule muonekano wa kompyuta ya kawaida ya nyumbani. Akauwasha, akaizima seva na kuiwasha upya, na jua lilipokuwa linaelekea kuzama karata zikajipanga juu ya kioo, kijani kibichi nyuma yake kama kile kilemba. Alipiga makofi peke yake. Halafu akajaribu kila kitu. Vyeti vinatoka, namba za foleni zinasomeka, kioo cha Meneja kiko salama, na karata zinaonekana dirisha la pili tu. Alijaribu yote hayo mfumo ukiwa juu. Hakujaribu ukiwa chini, kwani nani anauangusha mfumo wake kwa makusudi ili apime karata?

Jumatatu simu ya chumba cha seva iliita.

"Fundi."

"Naam."

"Nimeshinda."

"Unacheza kazini, bibie?"

"Niko mapumziko, namalizia chai. Fundi, wewe nitakuoa mimi mwenyewe, usisumbue wazee wako."

Hakuna siku Fundi alitembea kifua mbele kama hiyo.

Siku ya balaa ilikuja wiki ileile, na ilikuja na watu wengi, maana shule zilikuwa zinaandikisha na kila mzazi alitaka cheti. Dada alivaa blauzi nyeupe ya mikono mirefu, na kilemba cha kijani, kwa kuwa jioni walikuwa waende pamoja kumwona mama yake. Mama huyo alikuwa anamtangaza mwanawe kila mahali. "Watoto wote wa nchi hii wanaandikwa na binti yangu," alikuwa anawaambia majirani, na waliochoka kusikia walikuwa wengi.

Saa nne mfumo ukaanguka. Fundi akajifungia na seva yake kutafuta tatizo. Huku ukumbini manung'uniko yakaanza, na dada, safari hii, hakukunja mikono. Alifungua karata zake, akakunja uso kama mtu anayesoma jambo zito, akaanza kubofya.

"Vumilieni ndugu zangu," alisema kwa upole. "Mfumo uko chini, lakini mnaniona, sijakaa bure. Najitahidi kuurudisha."

Ukumbi ukanyamaza ghafla. Alidhani maneno yake yamewaingia. Hakujua kwamba ule muonekano wa nyumbani aliouwasha Fundi ulikuja na tabia zake, na mojawapo ni kwamba kioo kisicho na kazi hupewa picha ya kioo cha jirani. Namba za foleni zilipotoweka, kioo kikubwa kilichoning'inia juu ya kichwa chake kilichukua picha ya dirisha la pili. Karata zilikuwa kubwa kama milango. Watu wote walikuwa wanazitazama, na mkono wake wanautazama, na uso wake uliokunjwa kwa kazi wanautazama. Nyuma simu zikaanza kuinuliwa.

Alikuwa amekwama. Aligeuza karata hii, akageuza ile, akapumua kwa nguvu. "Mambo ya mfumo haya, magumu kweli," alisema.

"Binti," akaita mzee wa kofia ya sufu, aliyerudi kufuatilia cheti kilekile. Sauti yake ilikuwa ya kutaka kusaidia tu. "Saba ya kopa iweke juu ya nane ya shupaza. Imekukodolea macho hiyo."

Naye, kwa kuwa alikuwa amezama, akaiweka.

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga makofi, walipiga vigelegele, mwanamume mmoja akaanguka kwenye benchi kwa kicheko. Dada alibaki na mkono juu ya kipanya. Ilimchukua muda kugeuza shingo na kuinua uso, akaiona saba ya kopa, kubwa, nyekundu, palepale alipoiweka.

Fundi alisikia kelele akatoka mbio. Aliona yote kwa mara moja, na aliijua sababu kabla hajafunga mlango nyuma yake. Meneja naye alikuwa ameshatoka, tai imekaa upande.

"Nani ameweka uchafu huu humu ndani?" Meneja alinguruma. "Nauliza! Nani?"

Dada aligeuka. Alimtazama Fundi. Hakumtazama kwa hasira, alimtazama kama mtu anayemsubiri mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo. Umati ukayafuata macho yake, na nyuso zote zikamgeukia Fundi.

Ulimi ukaganda. Neno alilotakiwa kusema lilikuwa moja, na lilikuwa fupi. Alitazama sakafu.

"Nitachunguza, mzee," akasema.

Alijisikia akiyasema. Hata leo ukimwamsha usingizini anaweza kukuigizia sauti ile ilivyotoka, ya adabu, ya kikazi, ya mtu asiyehusika.

"Chunguza, uniletee jibu," alisema Meneja. "Na wewe binti, toka kwenye dirisha langu."

Dada aliinuka. Alipita mbele ya umati wote ule kichwa kimeinama, na nyuma yake mtu akaita, "Saba ya Kopa, kwaheri!" wakacheka upya. Alisahau mkoba wake kwenye kiti. Fundi aliuona, akashindwa hata kuuchukua ampelekee.

Jioni ile hakwenda kwa mama wa mtu. Alikwenda kwao, akakaa mezani bila kula. Dada yake mkubwa, mwenye nyumba, mshona nguo na mcheshi wa kupindukia, alitoka chumbani na simu anacheka mpaka machozi.

"Njoo uone kioja! Mwanamke anawaambia watu anatengeneza mfumo, kumbe anacheza karata! Tazama, tazama, anaambiwa weka saba ya kopa, anaiweka!"

Fundi alitazama mpaka mwisho. Alijilazimisha kutabasamu. "Ndiyo," alisema.

"Watu wana mambo! Ngoja, rudisha nyuma. Huyu mlingoti pembeni anayetazama viatu vyake mbona kama wewe?" Akasogeza simu karibu na macho. "Shati hili si nililishona mimi? Ni wewe! Hii ni ofisini kwenu." Kicheko kikaanza kumtoka usoni. "Na huyu siye yule unayemnong'oneza kwenye simu kule jikoni?"

Fundi alitikisa kichwa kukubali.

"Michezo ile uliyoichukua kwenye kompyuta yangu, ulisema ya nini vile?"

Fundi aliinamia sahani yake. Dada yake aliizima simu, akaifunika kifudifudi mezani. "Na mimi nimeshawatumia watu video hiyo," alisema taratibu. "Nimemtumia mpaka shangazi." Akaondoa sahani zote, ya kwake na ya mdogo wake, na hakumtania tena usiku huo. Ingekuwa nafuu angemtukana.

Dada wa kilemba alihamishiwa chumba cha mafaili, chini kabisa ya jengo, mahali pasipo na dirisha wala kioo. Mjini akawa hana jina jingine. Kondakta alimwita Saba ya Kopa, muuza nyanya alimwita Saba ya Kopa, na majirani waliochoka na majigambo ya mama yake walikuja kumpa pole mama huyo mmoja mmoja, na video mkononi. Fundi alipiga simu zisizopokelewa. Aliandika, akafuta, akaandika. Alifuta michezo kwenye seva kwa amri ya Meneja, na alipoulizwa uchunguzi umefikia wapi, alisema unaendelea. Aibu haikumpa hata nafasi ya kujitetea moyoni. Akifumba macho anaona lile tazamo, la mtu aliyeshika mzigo upande mmoja.

Siku moja simu ikapokelewa.

"Unataka nini?"

"Mpenzi, tafadhali usikate."

"Dirisha la kwanza ameniambia yote. Kwamba ulipanga ile picha ije kwenye kioo kikubwa, mcheke na wenzako. Kwamba ninyi mafundi ndiyo michezo yenu."

"Si kweli! Nakuapia! Sikiliza, ule muonekano nilioiwashia seva una tabia yake, kioo kikikosa kazi kinavuta picha ya jirani, mimi nilijaribu mfumo ukiwa juu tu, nikakagua cha Meneja, nikakagua cha foleni, nikakagua cha kwako, vyote vilikuwa sawa, na mwenzangu wa makao makuu nimemuuliza naye anasema hakuna ambaye angejua, naweza kukuletea uone kwa macho yako, naweza..."

"Fundi."

"Naam."

"Kumbe unajua kuongea." Sauti yake ilikuwa tulivu, na hilo ndilo lililotisha. "Umesema yote hayo hujavuta pumzi. Siku ile nilikuomba neno moja tu, tena kwa macho."

Akakata.

Kesho yake Fundi alikwenda ofisini kwa Meneja, akafunga mlango, akasema. Alisema akiwa amesimama, jasho linamtiririka ndani ya shati. Meneja alimsikiliza, akachezea kalamu.

"Ndiyo maana uchunguzi umekuwa mrefu," alisema. "Sasa nisikilize. Lifunike. Wewe ndiye unayeijua seva, sitaki makao makuu wasikie kwamba mtu wangu anaweka karata kwenye mashine ya serikali. Yule binti nitamrudisha dirishani watu wakishasahau. Limekwisha."

Fundi alitoka mwepesi. Alimpigia yule dada palepale kwenye korido, na safari hii alipokea haraka.

"Nimemwambia Meneja! Nimemwambia ni mimi. Amesema limekwisha, na wewe utarudishwa."

Upande wa pili ilisikika sauti ya mafaili yakipangwa.

"Mlango ulikuwa wazi?" aliuliza.

"Mlango upi?"

"Wa Meneja. Ulipokuwa unasema."

"Ulikuwa... umefungwa."

"Mimi nimeaibishwa ukumbini," alisema, na sasa sauti ilikuwa inakatika. "Mbele ya watu, taa zinawaka, mama yangu ameona mpaka leo hatoki nje. Wewe umekwenda kutubu chumbani, mlango umefungwa, kisha unanipigia nikupongeze. Nikupongeze, Fundi?"

Fundi alibaki ameegemea ukuta wa korido, simu sikioni, imeshakatika. Alitamani ardhi ipasuke immeze, na ardhi haikuwa na haraka naye.

Ilipofika siku ya mwisho ya kuandikisha shule, ukumbi ulifurika kuliko siku zote. Saa tatu na kitu mfumo ukaanguka. Fundi alikagua, akakuta tatizo liko makao makuu, na kazi pekee iliyobaki ni kusubiri warudishe. Kwa siku tatu alikuwa anakuja na ile flashi mfukoni. Aliirudisha michezo kwenye seva, huku akikosea neno lake la siri mara mbili. Halafu akatoka, akapita katikati ya umati, akakaa dirisha la pili, kwenye kiti kilichokuwa hakina mtu. Akafungua karata.

Kioo kikubwa kikawaka kijani. Ukumbi ukaguna.

"Ndugu zangu," alisema.

"Husikiki!" akapaza mtu wa nyuma.

"Ndugu zangu!" Masikio yalikuwa yanawaka, shati limemganda mgongoni, na simu zilikuwa zinainuka moja baada ya nyingine. "Mfumo uko chini. Mimi ndiye fundi. Karata hizi... yule dada mliyemcheka, mliyemwita majina... karata niliweka mimi. Aliniomba kitu cha kushika mkononi kwa sababu mfumo ukiwa chini mnamtukana yeye. Mfumo si wake. Ni wangu. Kuonekana pale juu ni kosa langu. Na alipoulizwa nani ameweka, nilikuwa nimesimama pale, pale kwenye ule mlango, nikanyamaza. Nilimwona anatukanwa, nikanyamaza. Basi kama ni kucheka, nichekeni mimi."

Mwanamke mmoja akasema, "Kumbe Saba ya Kopa ni wewe, mwanamume mzima!" Kicheko kikaanza mbele, kikatembea mpaka kwenye ngazi. Kilikuwa kicheko kibaya, chenye mate. Mmoja akamzomea, mwingine akaleta simu mpaka kwenye kioo cha dirisha ili apate sura vizuri. Fundi hakutazama sakafu. Hilo ndilo aliloliweza, hakutazama sakafu.

Meneja alitoka kama aliyemwagiwa maji. "Wewe! Toka hapo! Unafanya nini?"

"Nimemaliza kuchunguza, mzee," alisema Fundi. "Uliniagiza nikuletee jibu. Jibu ni mimi."

Meneja alifungua mdomo, akaziona simu, akaufunga. "Mfumo ukirudi," alisema kwa meno, "utakabidhi funguo. Usitie mguu hapa mpaka uitwe."

"Sawa, mzee."

"Basi cheza angalau," alisema mzee wa kofia ya sufu kutoka benchi la mbele, Meneja aliporudi ndani, cheti cha mjukuu kikiwa bado hakijatoka. "Usituonyeshe karata zimelala."

Fundi alicheza, na alicheza ovyo. Umati ulikuwa unampigia kelele weka hii, ondoa ile, huyu hata karata hajui. Hakumwona aliyeingia kwa mlango wa ngazi za chini, blauzi imejaa vumbi la mafaili. Habari ilikuwa imeshafika huko chini, kwa miguu ya mfagiaji. Dada alisimama nyuma ya umati akasikiliza wanavyomzomea, mkono umefunika mdomo. Halafu akaenda kwenye mashine, akachukua namba, akakaa karibu na mzee wa kofia.

"Una namba ngapi, binti?" aliuliza mzee, akimtambua na kujifanya hakumtambua.

"Mia moja na kumi."

"Utazeekea hapa. Chukua yangu, mimi nimeshazoea kuja."

Mfumo ukarudi. Karata zikatoweka juu, namba za foleni zikaja, na kengele ikalia kwa namba ya mzee. Fundi, kichwa kimeinama juu ya kipanya, alisikia harufu ya vumbi la karatasi mbele yake. Akainua macho. Zile kucha hazikuwa na rangi tena.

Alijaribu kusimama, akakumbuka watu, akakaa. "Nikusaidie nini, dada?"

"Nimeleta malalamiko."

"Dhidi ya nani?"

"Fundi mmoja. Nilimpenda, akanyamaza siku ambayo hakutakiwa kunyamaza."

Madirisha ya jirani yaliacha kazi. Wa benchi la mbele wakainama kusikiliza.

"Amekiri?" Fundi aliuliza.

"Leo ndiyo amekiri. Amechelewa."

"Unataka achukuliwe hatua gani?"

Dada alimtazama, lile tazamo la siku ile, na Fundi akahisi moto masikioni kuliko alipokuwa anazomewa. "Aje nyumbani Jumapili. Mama yangu ataita ndugu zake wote na majirani wote, wale waliokuja na video. Asimame mbele yao aseme kama alivyosema hapa. Akimaliza, kama bado ana sauti, aseme na lile jingine ambalo mwanamume husema akija na wazee wake."

"Watakuwa watu wengi?"

"Hakutakuwa na pa kukaa."

Fundi aliachia kipanya. "Nitakuja," alisema. "Nitakuja mapema, nichukue namba."

Dada alijitahidi asicheke, akashindwa, akaziba mdomo kama siku ya kwanza. Machozi yalimtoka pia, akayafuta kwa mkono wenye vumbi yakamwachia mstari shavuni.

Fundi alikabidhi funguo mchana huohuo. Walitoka pamoja kwa mlango wa mbele, yeye amekumbatia boksi lake la vifaa, shati limechomoka nyuma, dada akilirudisha ndani kwa mkono mmoja bila kusimama. Wote wawili walikuwa wanajua kwamba kesho kutakuwa na video nyingine. Walipokuwa wanavuka barabara, kijana mmoja aliyening'inia kwenye mlango wa basi alipaza sauti.

"Saba ya Kopa!"

Wakageuka wote wawili.